“Mdogo wangu alikuwa teja, nami nakwenda kupasuliwa nyongo. Naziogopa dawa za maumivu kuliko kisu”

Dada mshauri, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala shule ninayofundisha, kwa sababu mama yangu husomewa safu hii na wajukuu zake na atanitambua mara moja.

Nina miaka 41, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Temeke na mume wangu na watoto wetu wawili. Mwaka jana wote nilisumbuliwa na tumbo. Lilikuwa linanianza usiku, hasa nikila vyakula vya mafuta: maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, yanazunguka hadi nyuma ya bega, natapika, nalowa jasho, halafu baada ya saa tatu au nne yanaondoka kama hayakuwepo. Nilijua ni vidonda vya tumbo, nikanywa dawa za vidonda miezi mitano. Mwezi uliopita, baada ya pilau la harusi ya binti wa jirani, mume wangu alinikimbiza hospitali usiku wa manane. Nikapigwa altrasaundi, wakaona vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, vingi. Nimepangiwa upasuaji wiki tatu zijazo. Daktari amesema mashine ikiwa nzima watanifanyia kwa matundu madogo, ikiwa mbovu watapasua kawaida.

Kisu sikiogopi sana. Mtoto wangu wa pili nilimpata kwa upasuaji. Ninachoogopa ni dawa watakazonipa baadaye.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata, alikuwa teja. Alianza unga akiwa na miaka 19. Dada, siwezi kukueleza yote. Aliuza pasi ya mama, akauza mtungi wa gesi, akauza mabati ambayo baba alikuwa ameyaweka amalizie chumba cha uani. Nimemwona kwenye arosto, amejikunja sakafuni kama mtoto, anatetemeka, makamasi yanamtoka, ananiomba shilingi elfu mbili kwa sauti ambayo sijaisahau. Baba alifariki akiwa hasemi naye. Sasa ni mwaka wa pili yuko kwenye methadoni, dawa wanayopewa mateja badala ya unga. Kila siku alfajiri anapanda daladala kwenda kliniki, anakunywa mbele ya nesi, anarudi. Anaishi chumba cha uani kwangu, ndiye anayewachukua wanangu shule. Amenenepa. Anacheka.

Sasa kila mtu ana lake. Shoga yangu, ambaye aliwahi kuwa nesi, ameniambia: “Nyongo na mofini haviendani, omba pethidini.” Mwalimu mwenzangu alipopasuliwa alipewa tramadoli, akatapika usiku kucha hadi akadhani nyuzi zimeachia. Mama anasema nisipokee chochote zaidi ya panadoli: “Mtoto wa kwanza ulimzaa bila sindano, hili nalo utashindwa?” Mimi mwenyewe nimesoma kwenye simu kwamba mofini na unga ni ndugu. Nimelala macho siku mbili. Kama damu yetu ina udhaifu huo, si ndiyo nitaamshwa usingizini nimeshakuwa kama yeye?

Daktari sijamwambia habari za mdogo wangu. Naona aibu. Naogopa ataniandika kwenye faili kuwa natoka familia ya mateja, na manesi watakuwa wananiangalia kwa jicho hilo kila nikisema naumwa.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Nikipewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani, nitaviweka wapi? Mume wangu anataka mdogo wangu apelekwe kijijini kwa babu mwezi mzima hadi nipone. Kule hakuna kliniki. Nikikubali naona namfukuza mtu aliyerudi kutoka kaburini. Nikikataa, mume wangu ataona namthamini ndugu yangu kuliko nyumba yangu. Nifanye nini, dada?

Mwalimu mwenye hofu, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Pole kwa mwaka mzima wa maumivu yaliyopewa jina lisilo lake. Umeyaeleza vizuri sana, na wengi wanaosoma hapa wakinywa dawa za vidonda huenda leo wakaenda kupima.

Barua yako naona imefunga mambo mawili kwenye kanga moja. Kuna mgonjwa anayeuliza dawa ipi itamtuliza bila kumdhuru. Na kuna dada mtu aliyeona mengi, anayeuliza kama nyumba yake itabaki salama. Hofu ya huyu wa pili ndiyo inayomjibia wa kwanza, kwa hiyo niruhusu nivifungue kimoja kimoja.

Kabla ya yote nikuulize: ulipojifungua kwa kisu, maumivu ya siku ile ya kwanza yalitulizwa na nini? Mimi sikuwepo. Lakini nilifanya kazi wadi ya upasuaji miaka mingi kabla sijaanza kuandika, na kina mama wengi wanaozaa kwa kisu kwetu huchomwa pethidini au tramadoli. Uliza, au tafuta kadi yako. Inawezekana kabisa kwamba dawa unayoiogopa ulishapewa, ikatuliza maumivu, ikatoka mwilini, ukarudi darasani kufundisha. Kama ndivyo, damu yenu imeshajaribiwa mara moja na wewe hukujua.

Sisemi hofu yako haina msingi. Ulichosoma kwenye simu ni kweli: unga, yaani heroini, hutengenezwa kutokana na mofini, na mofini hutoka kwenye utomvu wa mpopi, ule ule wa afyuni. Ni kweli pia kwamba historia ya uraibu katika familia huongeza uwezekano wa mtu kuwa mraibu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliohusu zaidi ya watu 36,000 waliopasuliwa na ambao kabla ya hapo hawakuwa watumiaji wa dawa hizi, ulikuta takriban 6 kati ya kila 100 bado walikuwa wanaandikiwa na kuzichukua miezi mitatu hadi sita baadaye, hata waliofanyiwa upasuaji mdogo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wavuta sigara, wenye historia ya pombe na mihadarati, wenye sonona na wasiwasi, na waliokuwa na maumivu ya muda mrefu tangu kabla. Ila kule mgonjwa alikuwa akitoka hospitali na chupa ya vidonge vya kutosha wiki na wiki. Sindano mbili tatu wadini, mbele ya nesi, kwa maumivu ya kidonda kibichi, ni jambo jingine. Na kuna ndugu wa tatu ambaye hukumtaja: methadoni nayo ni ya ukoo huo huo. Dawa ya jamii hiyo hiyo ndiyo anayoifuata mdogo wako kila alfajiri, na ndiyo iliyomrudishia kicheko. Kinachotofautisha ni kipimo, mkono unaotoa, na sababu ya kutolewa.

Sasa shoga yako. Alichokwambia si uzushi, hata mimi nilifundishwa hivyo na nikafundisha wengine. Mfereji wa nyongo unapoingia kwenye utumbo mdogo una msuli wa kufunga na kufungua, unaitwa msuli wa Oddi. Mofini huubana. Ikaaminika kwamba pethidini, iliyotengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, haiubani, kwa hiyo mgonjwa wa nyongo apewe hiyo. Vizazi vya madaktari na manesi vilishika somo hilo. Lakini dawa zote za jamii ya afyuni huubana msuli ule kwa kiasi fulani, pethidini ikiwemo, na haijathibitika kwamba wagonjwa wa nyongo wanaopewa pethidini huwa na hali bora kuliko wanaopewa mofini. Kilichothibitika ni kwamba pethidini hukaa muda mfupi, saa mbili hadi tatu, wakati sindano ya mofini hukaa kama saa nne. Mgonjwa anarudi kuomba mapema. Kisha mwili unapoivunja pethidini huacha mabaki yanayochelewa kutoka, na yakirundikana, hasa kwa mwenye figo dhaifu, huleta mitetemeko na hata degedege. Sindano moja au mbili kwa mtu mwenye figo nzima si jambo la kutisha, na hospitali nyingi hutoa iliyopo. Ila kwenda kuipigania kwa kuogopa mofini, hapo ningesita, hasa kwa mtu mwenye hofu yako, kwa sababu dawa inayopanda haraka na kushuka haraka ndiyo inayomfanya mtu aiwaze inayofuata.

Mofini nayo ina yake. Huwasha ngozi, huleta kichefuchefu, hufunga choo, wengine hushindwa kukojoa, na ikizidi hupunguza pumzi. Ndiyo maana hutolewa mahali penye mtu wa kukuangalia na penye naloksoni, dawa ya kuizima. Uzuri wake ni kwamba imetumika zaidi ya miaka mia mbili na tabia zake zinajulikana. Mtoaji anaweza kukupa kidogo, akasubiri, akaongeza.

Tramadoli ndiyo watu huidhania mpole kwa sababu huja kama kidonge. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya mofini, kweli. Lakini ina njia mbili za kufanya kazi, na hiyo ya pili hugusa kemikali za ubongo zinazohusika na hisia. Ndiyo maana haifai kuchanganywa ovyo na dawa za sonona, na ndiyo maana inaweza kuleta degedege kwa mwenye kifafa au anayezidisha. Mtu mzima havuki miligramu 400 kwa siku. Tena inategemea ini liigeuze ndipo ifanye kazi vizuri, na maini ya watu hayafanani. Mmoja humeza asione tofauti, mwingine kidonge hicho hicho humlevya. Kodeini, dawa nyingine ya jamii hii, ina tabia hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya kina mama wanaonyonyesha wasitumie zote mbili. Mwenzako aliyetapika hakuwa na bahati mbaya ya peke yake. Kichefuchefu ni kawaida kwa tramadoli, na nyongo yenyewe, gesi inayojazwa tumboni wakati wa upasuaji na dawa za usingizi huongeza. Ukimwambia daktari mapema kwamba wewe ni mtu wa kutapika kirahisi, dawa ya kuzuia huwekwa kabla.

Kuna na ya nne ambayo hakuna aliyekutajia, mwalimu, na sitaki uje kuisoma kwenye faili ukashtuka. Ukiwa umelala chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi huenda akakupa fentanili, nayo ni ya jamii hii, kali kuliko mofini kama mara mia, ila hupimwa kwa chembe ndogo mno na sindano moja huisha ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo kukataa kabisa jamii nzima ya dawa hizi ni ombi zito kuliko linavyoonekana, na mtu wa kuzungumza naye ni huyo daktari wa usingizi, siku anapokuja kukuona kabla ya upasuaji.

Mama yako namheshimu. Wanawake wa rika lake walivumilia kwa sababu hawakuwa na kingine. Lakini uchungu wa uzazi una mwisho wake na mtoto anatoka. Kidonda cha chini ya mbavu hukunyima kupumua kwa kina. Mgonjwa anayekaza meno hapumui vizuri, hakohoi, hasimami; mapafu yanajaa makohozi, homa ya mapafu inaingia, damu inaganda miguuni. Nimewaona wanawake waliojivunia uvumilivu siku ya kwanza, siku ya nne wako kwenye oksijeni.

Hata hivyo, mama na wewe hamko mbali na ukweli. Kama mashine itakuwa nzima na utafanyiwa kwa matundu madogo, maumivu huwa makali siku ya kwanza, kisha hushuka siku ya pili na ya tatu. Kwa upasuaji huo, parasetamo ikitolewa kwa saa zake bila kusubiri uumwe, pamoja na dawa ya aina ya diklofenaki au ibuprofeni kama huna vidonda vya kweli wala tatizo la figo, pamoja na ganzi inayochomwa kwenye matundu kabla hujaamka, huwatosha wagonjwa wengi. Dawa kali inabaki akiba. Hiyo miezi mitano ya dawa za vidonda, mwambie daktari, maana inahusu diklofenaki moja kwa moja. Wakipasua kawaida, kwa mkato wa chini ya mbavu, hesabu inabadilika. Huko kukataa dawa kali siku mbili za kwanza ni kujitakia shida niliyokwambia hapo juu.

Basi njia zipo zaidi ya moja. Unaweza kuomba dawa kali ziwe za mwisho, wadini tu. Hatari yake ni usiku wa kwanza nyumbani, maumivu yakipanda na wewe uko mbali na hospitali. Unaweza kukubali vidonge vichache vya siku mbili au tatu, vilivyohesabiwa. Hatari yake unaijua. Unaweza kuomba kulala wadini usiku mmoja zaidi ili utoke bila kuvihitaji, kama kitanda na bima vinaruhusu. Yote haya hayapangiki vizuri kama daktari hajui unachokijua wewe. Nafahamu aibu hiyo, na siwezi kukuapia kwamba hutakutana na nesi wa jicho baya. Lakini fikiria sentensi hii: “Ndugu yangu wa damu alikuwa mraibu wa heroini, sasa yuko kwenye methadoni, naomba mnipangie maumivu yangu mkilijua hilo.” Huo ni ukweli wa kitabibu kama kusema mama ana kisukari. Ukiona ugumu kusema, andika kwenye karatasi umkabidhi daktari wa usingizi peke yake.

Sasa mdogo wako. Barua yako nzima imejaa sauti: ya shoga, ya mwenzako, ya mama, ya mume. Yake haimo, isipokuwa ile ya zamani ya kuomba elfu mbili. Je, kuna aliyemuuliza? Yeye ndiye mtu pekee nyumbani kwako anayejua dawa hizi zinavyofanya kazi, na anajua mwenyewe kinachomtikisa. Anaweza kusema, “Dada, usiniambie ziko wapi.” Anaweza kusema anaomba akalale kwa rafiki siku tatu na bado afike kliniki. Anaweza pia kuumia kwamba bado anafikiriwa hivyo, na hilo ni gharama, silifichi. Lakini akiikuta pakiti bila kuambiwa, hilo nalo lina gharama. Tena kwake tramadoli juu ya methadoni si suala la wizi tu. Zikikutana zinaweza kumzimia pumzi.

Mumeo usimwone adui. Anailinda nyumba kwa njia anayoijua, na inawezekana hajui jambo moja. Methadoni haikatwi mwezi ikarudiwa. Mtu akikosa siku kadhaa mwili unasahau kipimo, akirudi kliniki lazima waanze upya kwa kidogo. Na akiteleza kwenye unga wakati huo, kile kiasi alichokizoea zamani kinaweza kumuua. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, na watu wa kliniki wameshakutana na familia nyingi zenye swali lako. Mdogo wako akiridhia, mumeo anaweza kumsindikiza asubuhi moja akalisikia hilo kutoka kwa nesi mwenyewe. Lina uzito tofauti likitoka kule.

Kama vidonge vitakuja, vinaweza kukaa kwa jirani unayemwamini, au kwa huyo shoga yako aliyewahi kuwa nesi, akikuletea kimoja kwa wakati wake. Vitakavyobaki vinarudishwa famasia. Utaratibu huo unailinda nyumba yoyote yenye watoto, kwa hiyo hauhitaji kutangazwa kuwa ni kwa ajili ya mtu fulani. Au mkubaliane wazi kwamba ni kwa ajili yake pia. Wewe unamjua, mimi simjui.

Na ukiwa nyumbani, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa, macho ya njano, mkojo mweusi au tumbo kujaa si mambo ya kuongezea kidonge. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ukishazungumza naye, au ukiamua kwamba wakati bado, niandikie tena. Na ukiamka wadini baada ya matundu yale, bega la kulia likakuuma kuliko hata tumbo, usishtuke wala usidhani wamekosea. Ni gesi waliyojaza tumboni wapate kuona, inasumbua kiwambo cha pumzi na maumivu yanasikika begani. Sindano kali haiisaidii sana. Mwambie nesi akushike mkono, usimame, mtembee hadi dirishani.